Milango Tuliyoilaza Hoshini

Bi Time amefariki Unguja, na tangu habari iingie kwenye kundi letu la simu watu wanashindana kumsifu. Mara alikuwa mpole, mara alikuwa hana neno na mtu. Mpole! Huyo wanayemsema mimi simjui. Bi Time niliyekaa naye nyumba moja Al Mansoura, Doha, alikuwa mkali kama pilipili mbichi, alinigombeza asubuhi na jioni, na mwaka ule nusura apande ndege na mtoto wangu mapajani. Aliyenipa taarifa ni Mercy, Mkenya tuliyekuwa naye ukuta kwa ukuta. Alinipigia tukalia, halafu akasema, "Lakini Mama Nasra, nyinyi wawili mlipigana vita huo mwaka." Nikacheka huku kamasi zinanitoka. Ni kweli tulipigana. Na kwa kuwa nimechoka kusoma sifa za mtu ambaye hakuwahi kuwepo, nitamwandika aliyekuwepo, pamoja na vuli ile ambayo mpaka leo nikiikumbuka natembea kifua mbele.

Nyumba ilikuwa vila ya zamani iliyokatwakatwa kwa plaiwudi mpaka sebule ikazaa vyumba. Chumba chetu sisi kilikuwa kitanda, friji, kabati lenye masanduku juu yake, na njia ya kupita mtu mmoja akijikunja ubavu. Dirisha tulilibandika karatasi ya fedha ili jua lisitupike. Upande huu wa plaiwudi alikaa Bi Time, mpishi kwenye nyumba ya Waarabu, mtu wa kuondoka alfajiri na kurudi alasiri akinuka iliki. Upande ule alikaa Mercy, mlinzi kwenye majengo ya The Pearl, shifti ya usiku, kwa hiyo mchana ilikuwa marufuku kukohoa. Nilisikia kila kitu. Bi Time akihesabu tasbihi, Mercy akikoroma, mume wa mtu chumba cha mbele akiomba msamaha kwa simu. Jiko lilikuwa la wote, na nyuma ya jiko kulikuwa na mlango wa chuma usiofunguliwa. Nyuma ya mlango huo ndipo palipokuwa na hoshi, kama tunavyouita huku ua wa ndani wa nyumba. Hoshi yetu ilikuwa jaa. Viyoyozi vibovu, magodoro yaliyopasuka, sinki lenye ufa, na rundo la milango ya mbao iliyong'olewa nyumba nyingine, vyote mali ya mandubu, yaani yule bwana anayesimamia nyumba kwa niaba ya mwenyewe.

Nilifika Doha Nasra akiwa anatambaa, mwezi wa pili, na baridi ilikuwa tamu kabisa. Mwezi wa tatu mama akanipigia kutoka Muheza, nyuma yake nasikia mvua inavyopiga bati. "Masika imeshika, mwanangu. Mbegu nilizokufungia umeshazipanda?" Basi mimi na akili yangu nikaufungua ule mlango wa chuma, nikatoka hoshini, nikasogeza magodoro, nikajaza udongo kwenye makopo ya rangi, nikapanda mchicha, bamia na mnavu. Zikaota, nikapiga picha nikawarushia watu. Ilipofika mwezi wa tano jua likashuka na kisasi chake. Asubuhi majani yalikuwa kijani, alasiri yalikuwa kama tumbaku. Nilimwagilia, na maji yenyewe yakitoka bombani ya moto, nikawa nayapika majani badala ya kuyanywesha. Bi Time alisimama mlangoni na kanga kichwani akitazama msiba wangu. "Sasa wewe umepanda kwa mvua ya wapi?" Nyumba nzima ikanibandika jina, Bibi Shamba. Hata Mercy aliyekuwa rafiki yangu, akitoka kazini ananiuliza, "Bibi Shamba, tunavuna lini?" Nilifunga ule mlango wa chuma nikaapa siufungui tena.

Asiyekaa kiangazi cha Doha na mtoto mchanga kwenye chumba cha plaiwudi asinifundishe subira. Miezi ile hatukutoka nje mchana. Mume wangu, dereva wa basi la wafanyakazi wa hoteli moja huko West Bay, aliondoka gizani na kurudi akiwa hana la kusema. Nasra aliishi juu ya kitanda. Nikimshusha chini anagonga friji huku, kabati huku, anakaa anatazama miguu yangu. Alitimiza mwaka hajasimama. Watu wakaanza. Mara mtoto amelegea, mara apakwe mafuta ya nazi, mara mama yake hamnyooshi. Nilimpeleka kliniki, nesi akamshika miguu, akamkunja akamkunjua, akaniambia miguu mizima, mtoto anataka sakafu na jua. Nilitoka pale nimekasirika kuliko nilivyoingia. Ugonjwa ungekuwa na dawa. Sakafu niitoe wapi?

Mwezi wa tisa, alasiri moja, nilikuwa nimelala na Nasra nikawasikia jikoni. Sauti ya mume wangu niliijua hata akinong'ona, na Bi Time hakujua kunong'ona.

"Mwisho wa mwezi wa kumi na moja nnaondoka, inshallah," anasema huku mwiko unagonga sufuria. "Nampakata mpaka Dar, mama yako atume mtu uwanjani. Si kazi. Watoto wangapi nshawapeleka."

"Nashukuru, Bi Time. Mama ameshafurahi, ameshatengeneza na kitanda."

"Na mama mtu unamwambia lini?"

"Nitamwambia tu. Nikimwambia sasa humu hakulaliki."

"Mwambie mapema. Mkeo yule moto wa makumbi."

Ni jambo la kawaida, nisijifanye silijui. Kila mwaka anayekwenda nyumbani anabeba mtoto wa mwenzake, amkabidhi kwa bibi yake, na wazazi wanabaki kutazama picha. Wapo marafiki zangu waliofanya hivyo na siwacheki. Lakini kumpangia safari mtoto niliyemnyonyesha mimi, kitanda kikatengenezwa, mwenye maziwa sina habari! Niliingia jikoni na Nasra kiunoni.

"Moto wenyewe huu hapa. Endeleeni."

Mume wangu akashika glasi ya maji asiyokuwa na kiu nayo. "Mama Nasra, tulia kwanza. Hasimami huyu. Mwaka umepita, hasimami."

"Asimame wapi? Nionyeshe. Asimame juu ya friji?"

"Ndiyo ninachosema. Hapa hapana nafasi. Kwa mama kuna uwanja, kuna kuku, kuna wenzake."

"Na mama yake yuko wapi huko kwenye kuku?"

Kutoka chumbani Mercy akapiga plaiwudi kwa kiganja. "Aki nyinyi watu! Nimetoka night, nakufa na usingizi!"

"Lala, Mercy, wananiuzia mtoto!" nikamjibu kwa sauti ya kumwamsha mpaka wa jirani.

Bi Time hakutikisika, akaendelea kukoroga mchuzi wake. "Hakuna anayekuuzia. Doha si pahala pa kulelea. Mimi wanangu wote kawalea mama. Kwani wamekufa?"

"Nitapata pahala."

"Wapi?"

Nikachukua mwiko mkononi mwake, ndiyo, nilimpokonya mtu mzima mwiko, nikaelekeza ule mlango wa chuma. "Hapo."

Mume wangu akacheka. Sijui kama alikusudia, ila alicheka, na kicheko kile ndicho kilichonibebea milango.

Siku hizi nikiwapeleka watoto wangu wawili kwenye bustani jioni za mwezi wa kumi nawaona watu wa huku wanavyofanya joto linapovunjika. Wanatoa mazulia nje, wanaosha viti, wanapanga maua ya petunia pembeni ya ukuta, wanawasha mkaa wa kahawa. Mji mzima unahamia nje kama tulivyokuwa tukihamia barazani baada ya mvua. Mwaka ule nilikuwa sijaliona hilo. Nilichojua ni kwamba asubuhi moja nilifungua mlango wa chuma kumwaga maji ya mchele, na uso wangu haukuungua. Upepo ulikuwa umegeuka, umekauka. Nikasimama pale na sufuria. Nikaelewa kwamba nilipanda kwa kalenda ya mama yangu, na kalenda hiyo haikuwa na kosa hata kidogo isipokuwa ni ya Muheza. Huku msimu wa kupanda ndiyo kwanza ulikuwa unaingia.

Nilimpigia mandubu siku hiyohiyo. Kiswahili hajui, Kiarabu changu cha dukani, tukaelewana kwa kupayuka. Viyoyozi na magodoro toa, akasema, mafi mushkila, hakuna shida, lakini milango usitupe hata mmoja, mbao nzuri ile. Nikamwita mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita mitaani na pikapu, akabeba viyoyozi na sinki. Magodoro nikayaburuza mwenyewe mpaka kwenye pipa la taka la mtaa, Nasra mgongoni kwa kanga, jasho likinitoka mpaka kwenye macho, na wanaume waliokuwa wanakunywa chai dukani wakanitazama kama sinema. Tazameni. Nilifagia vumbi la miaka, nikajifunga ushungi puani, nikafagia tena. Sakafu iliyojitokeza chini yake nikatamani kulia. Saruji iliyopasukapasuka, kokoto, vichwa vya nondo vimechomoza. Mtoto anayetambaa angetoka pale magoti nyama tupu. Na milango ya watu imeegemea ukuta, imekula nusu ya hoshi.

Nilikaa juu ya ndoo nikaitazama ile milango. Mandubu alisema isitupwe. Hakusema isilazwe.

Mercy aliamka kwa mlio wa mlango wa kwanza kuanguka. Alitoka amevaa kofia ya kulalia na kaptula, amevimba macho, nikajua leo natukanwa. Akasimama, akatazama nondo, akatazama Nasra aliyekuwa ndani ya beseni anakula kijiko, akatazama mlango chini. "Unatengeneza deki," akasema. "Sakafu ya mbao ya nje, kama zile za The Pearl, za matajiri." Akafunga kamba za viatu vya kazini. "Si ungeniambia, manze. Shika huko." Tukajaza mchanga penye mashimo, nondo tukazikunja kwa nyundo, tukalaza milango ubavu kwa ubavu, vitasa tukaving'oa. Mpaka alasiri nusu ya hoshi ilikuwa na sakafu ya mbao inayolia ukitembea. Bi Time alirudi kazini akatukuta tumekaa juu yake tunakula mkate na chai, mikono myeusi. Akavua viatu kabla ya kukanyaga. Akapita, akaingia ndani bila salamu. Mercy akaninong'oneza, "Umeona? Amevua." Nilikuwa nimeona. Mtu wa pwani havui viatu penye jaa.

Mandubu alipokuja kukagua nilimpokea na Nasra mkononi. Akapiga mguu kwenye ubao, mara ya kwanza, mara ya pili. "Hii milango yangu."

"Ndiyo yako. Haujatupwa hata mmoja."

Akapiga mguu mara ya tatu. Kisha akakaa, akaomba chai.

Mbegu zilizobaki nikazipanda kwenye makopo yale yale, safari hii kivulini mwa ukuta, na mirija ya viyoyozi vya vyumba vyetu nikaielekeza kwenye ndoo ili yale matone yasipotee. Maji ya tangi hayakutosha hata watu, kumwagilia kwayo kungekuwa kutangaza vita na nyumba nzima. Mchicha ukaota. Nasra akawa anashinda nje, anatambaa mlango hadi mlango, anajishikilia kwenye makopo, anainuka nusu, anaanguka kwa makalio. Mimi hesabu yangu ilikuwa moja tu, mwisho wa mwezi wa kumi na moja, na Bi Time alinikumbusha bila kuniambia. Nilipita mlangoni kwake nikaona kitandani sweta dogo la njano na soksi, vimekunjwa vizuri juu ya sanduku lake. Ameshamnunulia mwanangu nguo za safari. Nilirudi hoshini nikafagia pasipohitaji kufagiliwa.

Kisha usiku ukapoa. Watu wote wakazima viyoyozi, wakafurahi, na ndoo zangu zikakauka. Sikuwa nimefikiria hilo, nani angefikiria? Mchicha ukainamisha vichwa, na mume wangu akapita akasema, "Naona masika imekata." Hajawahi kuwa karibu na kupigwa kopo la rangi kama siku ile. Nikawa nakusanya maji ya kuoshea mchele, maji ya kuoshea nyanya, hayatoshi.

Siku ya pili yake, alasiri, nikamkuta Bi Time amechutama ukingoni mwa milango na birika lake, kanga imepandishwa, anatawadha juu ya makopo. Maji ya uso yakaenda kwenye mchicha, maji ya mikono kwenye mnavu. Akasogea kidogo, miguu akaioshea kwenye bamia.

"Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba. Usinitazame, natawadha."

Tangu hapo akawa anatawadhia hapo kila akiwapo nyumbani. Akamwambia na yule bwana wa chumba cha mbele, "Wewe, udhu wako unaumwaga chooni una faida gani? Toka nje." Naye akatoka. Mercy aliyekuwa Mkristo akaanza kunawia uso hapo akitoka kazini, "nisibaki nyuma." Mchicha ukanyanyuka. Mimi na Bi Time hatukuzungumza habari hiyo hata mara moja. Tulizungumzia chumvi, tulizungumzia paka, na tuligombana kuhusu mrehani alioupanda kwenye kopo langu la bamia bila ruhusa.

Ila nilimsikia siku moja, nami niko jikoni nachambua mchele, yeye ameketi hoshini na simu imewekwa sauti ya juu. Kijana wake mkubwa wa Unguja. "Shikamoo." "Marahaba, baba. Hujambo? Kazi?" "Nzuri." "Nnakuja mwezi huu. Nikuletee nini?" "Chochote tu. Haya, nikupe bibi umsalimie." Na simu ikahama mkono, hata Bi Time hakumaliza kusema neno alilokuwa analianza. Bi Time akazungumza na mama yake kwa furaha kabisa, akacheka. Alipokata simu, Nasra alikuwa amejishikilia kwenye goti lake anajivuta juu. Bi Time hakumsaidia. Aliweka viganja pembeni yake, bila kumgusa, akasubiri.

Mume wangu alikuja siku hiyo na zulia la majani ya plastiki begani. Hoteli yao ilikuwa inatandika jipya kwenye bustani kwa ajili ya chakula cha nje, la zamani wakaambiwa madereva waondoe. "Nimekuta linatupwa," akasema, akalitandaza juu ya milango, akapiga magoti kusawazisha pembe kwa mikono. Sikumshukuru. Nilimpa chai kwenye kikombe chake kizuri.

Ijumaa kabla ya safari tulikula nje nyumba nzima. Bi Time alipika pilau ya nyama, Mercy akasonga ugali, maana kwake wali ni chai, na mimi nikavuna mchicha na mnavu wangu, nikaukaanga kwa kitunguu na nyanya, ukatosha watu wote kijiko kimoja kimoja. Jua lilikuwa laini, la kuegemea. Mercy aliuweka mnavu mdomoni akafumba macho. "Managu," akasema. "Managu ya kwetu, Doha. Bibi Shamba, nisamehe." Jina lile lile, lakini safari hii nililivaa kama kitenge kipya.

Tulikuwa tunakula paka alipoiba kipande cha nyama kwenye sinia. Nasra alikuwa amekaa kwenye goti la Mercy. Akapiga ukelele wa hasira, hasira yangu kabisa, akateremka, akasimama, na akamfuata yule paka. Kwa miguu. Mlango mmoja, mlango wa pili, mikono hewani, tumbo mbele.

"Wee! Angalieni mtoi!"

"Nyamaza, Mesi, utamwangusha kwa makelele!" Bi Time akampiga Mercy mkono, wali ukamwagika.

Akafika ukutani. Paka kashapanda juu. Nasra akageuka akatutazama sote kama anayeuliza nani aliyemwachia. Akarudi hivyo hivyo, akaanguka kwenye mapaja ya baba yake, na baba yake akamfunika kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa asionekane uso.

Kisha akakohoa. "Bi Time. Lile suala letu la safari…"

"Suala gani?" Bi Time alikuwa anaokota wali punje kwa punje. "Sanduku langu limejaa. Nina mabakuli, nina mablanketi, hata sindano haiingii. Kama mna mzigo tafuteni mtu mwingine."

"Si ulisema utampakata?"

"Nimpakate mtoto anayetembea? Ananitoka mbio uwanja mzima wa ndege, namkimbiza kwa magoti haya?" Akanigeukia mimi, ule ukali wake wote usoni. "Na wewe, usinikenulie meno. Kopo la mrehani likifa nikirudi utanitambua."

Alisafiri na sanduku lake. Mume wangu alimpeleka uwanjani, na kabla ya kuingia kwenye gari Bi Time alinisukumia mkononi sweta la njano na soksi, akasema kuna baridi inakuja, akafunga mlango nisipate kujibu. Nilirudi ndani, nikapita jikoni, nikatoka hoshini. Vumbi lilikuwa limeingia usiku, zulia limekuwa la kijivu. Nikashika ufagio. Nasra akanifuata nyuma na konzi za mchanga kutoka kwenye makopo, kila nilipofagia anamwaga, anacheka, anatembea kwenda kuchukua mwingine. Nikafagia tena. Akamwaga tena. Jua lilikuwa bado lipo la kutosha, wala sikuwa na haraka ya kumaliza.